Unamtafuta mutanti asiyeweza kula methanoli, naye hataota kwenye methanoli

Swali la msomaji: Shikamoo Daktari. Nasoma shahada ya uzamili ya mikrobiolojia hapa Morogoro. Niligandamiza jani la mwembe juu ya aga yenye chumvi na methanoli tu, nikapata koloni za rangi ya waridi. Jeni ya 16S, inayotumika kutambua aina ya bakteria, imeonyesha ni Methylobacterium. Nataka kupata mutanti (bakteria mwenye jeni iliyoharibika) ili nijue ni vimeng'enya gani vinavyoshughulikia kaboni moja ndani ya bakteria huyu. Nimempiga mionzi ya UV, nikammwaga kwenye sahani za methanoli, lakini kila koloni inayoota nikiipima naikuta nzima. Nimeongeza muda wa mionzi hadi karibu wote wanakufa, bado hali ni ileile. Nakosea wapi?

Jibu: Marahaba, binti yangu. Taa yako ya UV haina tatizo. Mutanti unayemtaka ni yule aliyeshindwa kula methanoli, nawe unamngoja aote mahali ambapo chakula pekee ni methanoli. Ni sawa na kumsaka aliyefunga saumu kwa kuwahesabu walioketi kwenye karamu. Inawezekana kabisa umekuwa ukimtengeneza kila mara, pengine kwa mamia, ila sahani zako hazina namna ya kumwonyesha. Kwa hiyo nitaanza na sahani, na mionzi nitaifikia baadaye.

Bakteria wako ana tabia moja inayoiwezesha kazi hii: methanoli kwake ni chakula cha hiari. Wapo bakteria wanaoishi kwa methani au methanoli peke yake, na ukimvunjia mmoja wao kimeng'enya cha njia hiyo, umemuua. Huyu wako anaota pia kwenye suksinati, asidi ya kaboni nne inayoingia moja kwa moja kwenye mzunguko wa Krebs. Unaweza kumharibia njia ya methanoli, ukamlea kwa suksinati, ukamhifadhi kwenye friza na kumsoma mwaka mzima. Kuanzia leo, kulea kote kufanyike kwenye suksinati. Methanoli ibaki kuwa ya kupimia.

Ndugu yake maarufu ni AM1, aliyepatikana Oxford, Uingereza, mwaka 1960, akiwa ameingia kutoka hewani kwenye midia ya methilamini. Peel na Quayle walimweleza mwaka 1961 kwa jina la Pseudomonas AM1. Baadaye akaitwa Methylobacterium extorquens, na tangu 2018 baadhi ya wataalamu wanamwandika Methylorubrum extorquens. Ukikutana na majina haya matatu kwenye makala, ujue ni bakteria yuleyule. Karibu yote nitakayokueleza yamejulikana kupitia kwake.

Ili upange sahani vizuri, uwe na ramani ya njia kichwani. Methanoli inaoksidishwa kwenye periplazimu (nafasi kati ya tando mbili za seli) na dehidrojenasi ya methanoli, kimeng'enya kinachohitaji kishirikishi kiitwacho PQQ pamoja na kalisi. Elektroni zake zinapokelewa na saitokromu c. Kinachotoka hapo ni formaldehidi, na hapa naomba utulie kidogo, kwa sababu formaldehidi ndiyo inayotawala tabia ya karibu kila mutanti utakayempata. Ni sumu inayong'ang'ania protini na DNA, na seli inayokula methanoli inaizalisha mfululizo bila kupumzika. Ndani ya seli, kimeng'enya Fae kinaidaka na kuifunga kwenye tetrahidromethanopterini, kisha vimeng'enya vingine (MtdB, Mch na kundi la Fhc) vinaipeleka hatua kwa hatua hadi formati. Sehemu ya formati inaoksidishwa kuwa kaboni dioksidi ili seli ipate nguvu. Sehemu nyingine inapakiwa kwenye tetrahidrofoleti na vimeng'enya FtfL, Fch na MtdA, halafu kaboni hiyo inaunganishwa na glisini kutengeneza serini. Serini ndiyo mlango wa mzunguko unaojenga mwili wa seli: hidroksipiruvati, glisereti, fosfoenolipiruvati, oksaloasetati, malati, malili-koenzaimu A, ambayo inakatwa kupata asetili-koenzaimu A na glioksilati. Glioksilati inarudi kuwa glisini, na mzunguko unaendelea.

Kuna chakula kingine cha kaboni moja utakachokihitaji sana, nacho ni methilamini. AM1 anaigeuza nayo kuwa formaldehidi, lakini kwa kimeng'enya tofauti kabisa, dehidrojenasi ya methilamini. Maana yake, methanoli na methilamini zinaanza kwa milango miwili na kukutana kwenye formaldehidi.

Ukishaliona hilo, sahani zinajipanga zenyewe. Chukua mutanti anayeota kwenye suksinati na asiyeota kwenye methanoli. Akiota kwenye methilamini, kasoro yake iko kabla ya formaldehidi: dehidrojenasi ya methanoli yenyewe, saitokromu yake, utengenezaji wa PQQ, au jeni zinazoongoza vyote hivyo. Asipoota kwenye methilamini pia, kasoro iko baada ya formaldehidi. Hapo unamleta kwenye sahani ya nne, yenye suksinati na methanoli pamoja. Mutanti wa mzunguko wa serini kwa kawaida ataota, kwa sababu anajengwa na suksinati huku formaldehidi ikiendelea kuondolewa. Mutanti asiye na Fae atakufa hapo ingawa suksinati iko tele, kwa kuwa methanoli inageuzwa formaldehidi isiyokuwa na pa kwenda. Sahani ya tano ina methanoli na glioksilati kidogo. Anayeota hapo na kushindwa kwenye methanoli tupu ana kasoro katika kuirudisha glioksilati, sehemu nitakayoirudia kwa sababu historia yake inafundisha sana. Ya sita haina chakula chochote, ni chumvi na aga tu. Usiidharau: aga ya kawaida ina uchafu wa kutosha kuwaotesha bakteria hawa kwa ukungu mwembamba, na bila sahani hiyo utadhani mutanti wako anakula methanoli polepole.

Kabla ya kumharibu yeyote, mpitishe mzazi, yaani bakteria wako wa asili ambaye jeni zake hazijaguswa, kwenye sahani zote sita. Si kila Methylobacterium wa jani anakula methilamini. Kama wako hali, mpango unabadilika, na ni heri ulijue hilo sasa kuliko baada ya kupata mutanti. Watu wengi hushawishika kuweka ethanoli mahali pa methilamini kwa kuwa inapatikana kirahisi. Hapa haikusaidii, maana dehidrojenasi ya methanoli inaioksidisha ethanoli pia, na mutanti wa mlango wa kwanza anaweza kukwama kwenye vyote viwili.

Sasa tuje kwenye kuwapata. Kwa mutanti wa dehidrojenasi ya methanoli ipo njia nzuri sana, ambayo bakteria anajiteua mwenyewe. Alkoholi ya alili inafanana na methanoli kiasi cha kukubaliwa na kimeng'enya hicho, na ikishaoksidishwa inakuwa akrolini, sumu kali. Seli yenye kimeng'enya kizima inajiua. Isiyo nacho inabaki na kuota koloni. Hapa ule usemi kwamba mutanti ni mlemavu unageuka: kwenye sahani hiyo yeye ndiye mwenye nguvu kuliko mzazi wake. Nakushauri uiweke alkoholi ya alili kwenye midia ya methilamini, si ya suksinati. Seli zinazoishi kwa kaboni moja zina kimeng'enya kingi, hivyo mzazi anakufa kwa uhakika, na wenye kasoro chini ya formaldehidi hawaoti, kwa hiyo hawakuchanganyi. Anza na ngazi ya vipimo kadhaa vya alkoholi hiyo ukitumia mzazi, uchague kipimo cha chini kinachomzuia kabisa. Utapata mutanti hata bila mionzi, kwa sababu katika mamilioni ya seli daima wapo walioharibika wenyewe.

Kwa njia hii Nunn na Lidstrom walichapisha mwaka 1986 makundi 10 ya mutanti wa AM1 walioshindwa kuoksidisha methanoli. Fikiria maana yake: ulemavu mmoja, jeni nyingi. Kundi moja tu kati ya hayo lilikuwa la jeni ya kimeng'enya chenyewe. Mengine yaligusa vitu vinavyokizunguka ili kifanye kazi. Wasiotengeneza PQQ unaweza kuwatambua mapema kwa kuwaongezea PQQ kwenye midia, kwani huweza kuitumia ya kupewa wakaanza tena kuota kwenye methanoli.

Mutanti wa sehemu za chini hawana sahani ya kuwateua namna hiyo. Hao unawachuja mmoja mmoja, na hapa kuna mtego ambao wanafunzi wengi hunaswa nao. Mwongozo wa kawaida wa jenetiki ya bakteria utakushauri uwaongeze mutanti kwa penisilini, mbinu ya mwaka 1948 ya Davis, na ya Lederberg na Zinder: weka seli kwenye chakula ambacho mutanti hawezi kukila, mwaga penisilini, walio wazima wanakua na kuuawa, wasiokua wanasalimika. Kwa mutanti asiyeweza kujitengenezea amino asidi mbinu hii ni safi kabisa. Kwako wewe chakula hicho ni methanoli, na mutanti asiyeweza kuondoa formaldehidi hatakaa kimya ndani ya methanoli akingoja penisilini ipite. Atakufa kwa sumu anayoitengeneza mwenyewe. Utabaki na mutanti wa mlango wa kwanza, na utahitimisha kwamba jeni za kuondoa formaldehidi hazipo au hazina umuhimu. Kwa kundi hilo, usiongeze chochote kwa penisilini. Na hata kwa makundi mengine, pima kwanza kama bakteria wako anauawa na penisilini au ampisilini, maana ustahimilivu hutofautiana sana kati ya hawa wa waridi. D-saikloserini ni mbadala unaofaa.

Kuhusu kuharibu jeni, UV bado ina nafasi, ila isitumike hadi karibu wote wafe. Wanaobaki katika hali hiyo wamebeba makovu mengi, na ulemavu utakaouona hutajua umetoka kwenye kovu lipi. Acha wabaki kati ya asilimia 1 na 10. Baada ya mionzi waweke gizani, kwa kuwa bakteria wengi wana kimeng'enya kinachotumia mwanga kurekebisha DNA, kisha uwalee kwenye suksinati kwa vizazi kadhaa kabla ya kuwapima. Seli iliyoharibika jeni leo bado imejaa kimeng'enya kilichotengenezwa jana, na inahitaji kugawanyika mara kadhaa ili kipungue.

Mimi lakini ningekupeleka kwenye transposoni. Kipande hicho cha DNA kinajichomeka ndani ya jeni, kinaivunja, na kinaacha alama ya ukinzani wa kanamaisini, kwa hiyo kila koloni unayoishika unajua imechomekwa, na baadaye unaweza kusoma DNA kuanzia kwenye alama ujue ni jeni ipi. Kinaingizwa kwa kumkutanisha bakteria wako na E. coli anayebeba plasmidi (duara dogo la DNA) isiyoweza kuishi ndani ya Methylobacterium. Tatizo la kuangalia ni kumwondoa E. coli baada ya hapo. Kwenye kazi nyingine tungewamwaga wote juu ya methanoli, kwa sababu E. coli haili. Wewe huwezi, maana unalea kwa suksinati, ambayo E. coli anaipenda. Tafuta kwanza koloni ya bakteria wako inayokinza rifampisini, uifanye kuwa mzazi rasmi, na sahani za kuchagulia ziwe na suksinati, kanamaisini na rifampisini. Hakikisha mzazi huyo mpya anakula methanoli kwa kasi ileile ya wa zamani. Rifampisini inagusa kimeng'enya cha kunakili RNA, na baadhi ya wakinzani hukua kwa shida.

Koloni zikishaota, siku 3 hadi 5 kwa nyuzi 28 hadi 30, zinakiliwe kwenye sahani nyingine. Kitambaa cha velveti cha Joshua na Esther Lederberg, cha mwaka 1952, hakijapata mshindani kwa urahisi wake: kitambaa safi, kilichopitishwa otoklevu, kimefungwa juu ya gogo la duara. Piga muhuri kwanza kwenye methanoli, kisha methilamini, kisha suksinati yenye methanoli, na ya mwisho kabisa iwe suksinati peke yake. Mpangilio huu una sababu. Ikiwa koloni imeota kwenye sahani ya mwisho, huna shaka kwamba seli zilifika kwenye zile zilizotangulia, na kutoota kwake huko ni ulemavu wa kweli. Panga kupitia elfu kadhaa za koloni. Kazi inachosha, ila si ghali.

Methanoli huvukiza upesi. Sahani zenye methanoli zikikaa ndani ya inkubeta moja na zisizo nayo, zitazilisha jirani zake, na sahani yako ya suksinati itakuwa na methanoli bila wewe kujua. Mutanti wa Fae atadhoofika hapo hapo unapomlea. Ziweke kwenye makasha tofauti yaliyofungwa. Na wewe mwenyewe jihadhari: mwaka 2014 Kenya ilipoteza watu wengi kwa pombe iliyochanganywa na methanoli, na chanzo cha vifo hivyo ni kemia hiihii, kwani ini letu linaigeuza kuwa formaldehidi kisha formati, nasi hatuna uwezo wa bakteria wako wa kuiondoa upesi. Alkoholi ya alili na akrolini ni hatari zaidi kwa macho na mapafu. Kama maabara yenu haina kabati la kufyonza hewa linalofanya kazi, usiifungue chupa hiyo. Nenda na mbinu ya velveti peke yake.

Umempata mutanti. Sasa ndipo kazi ya uthibitisho inapoanza, na hapa ndipo tasnifu nyingi zinaporudishwa. Mchane kwenye suksinati mara mbili upate koloni safi. Soma mahali transposoni ilipochomeka. Kisha rudisha jeni nzima kwa plasmidi uone kama uwezo wa kula methanoli unarejea. Kama haurejei, jeni uliyoitaja si ya lawama, au si peke yake. Jambo hili linahusu sana mzunguko wa serini, ambao jeni zake zimejipanga kwa safu ndani ya AM1: sga, hpr, mtdA, fch na nyinginezo zinazofuata. Transposoni iliyoingia ndani ya hpr inaweza kuzizima zilizo baada yake, nawe ukaandika kwamba hidroksipiruvati ridaktasi ndiyo iliyokosekana, kumbe methileni ya foleti nayo haishughulikiwi. Kwa jeni za safu hiyo, futa jeni moja kwa usafi bila kuacha alama. Mfumo wa cre-lox, wa kukata na kuondoa kipande cha DNA, uliotengenezwa na Marx na Lidstrom mwaka 2002 uliundwa kwa ajili ya kazi kama hii, na plasmidi zake zinatumika kwa bakteria wengi.

Pima pia kimeng'enya chenyewe ndani ya juisi ya seli. Dehidrojenasi ya methanoli inapimwa kwa phenazini methosulfati kama kipokea elektroni, katika pH ya 9 hivi, pamoja na amonia inayokiamsha, utaratibu uliowekwa na Anthony na Zatman tangu 1964. Linda kemikali hiyo dhidi ya mwanga. Hidroksipiruvati ridaktasi inapimwa kwa kufuata NADH ikipungua kwenye nanomita 340. Ugumu ni kwamba mutanti wako haoti kwenye methanoli, na seli za suksinati zina vimeng'enya hivi kwa kiasi kidogo. Mlee kwa suksinati, kisha mhamishie kwenye methanoli kwa saa chache kabla ya kumvunja, na mzazi apitie njia ileile hatua kwa hatua. Ukilinganisha mutanti wa suksinati na mzazi wa methanoli, tofauti utakayoipata ni ya chakula.

Yapo mambo mawili katika historia ya AM1 ambayo ningependa uyajue kabla hujaandika hitimisho lolote. La kwanza ni mutanti wanaokataa kupatikana. Kwa miaka mingi hakuna aliyeweza kufuta mtdA wala fch, hata kwa kulea kwenye suksinati. Ingekuwa rahisi kusema ni jeni za lazima kwa uhai na kuacha hapo. Mwaka 2004 Marx na Lidstrom walimwingizia AM1 jeni folD kutoka kwa Methylobacterium mwingine, inayofanya kazi inayofanana na ya hizo mbili upande wa foleti, na hapo zikafutika. Seli ilikuwa inazihitaji ili kupata kaboni moja ya kujengea purini (vijenzi vya DNA) na vitu vingine, chakula chake kiwe chochote. Na bado, hata akiwa na folD, mutanti hakuweza kukua kwa kaboni moja. Jaribio hilo moja lilitenganisha kazi mbili zilizokuwa zimefungamana.

La pili ni lanthanidi, kundi la metali adimu. Kwa miongo mingi tuliamini bila mxaF, jeni ya dehidrojenasi ya kalisi, hakuna methanoli. Kulikuwa na jeni nyingine inayofanana nayo, xoxF, ambayo kazi yake haikueleweka, kwa sababu kwenye midia zetu kimeng'enya chake hakikuonekana kufanya lolote la maana. Kumbe midia zilikosa metali yake. Mwaka 2014 Pol na wenzake walieleza bakteria wa matope ya volkano ya Solfatara, karibu na Naples, aliyekataa kuota maabara hadi alipowekewa maji ya matope yale, na kilichohitajika ndani yake kilikuwa metali adimu kama lanthanamu na seriamu. Dehidrojenasi ya XoxF inatumia metali hizo mahali pa kalisi. Kwa AM1, mutanti wa mxaF akipewa lanthanamu anaota tena kwenye methanoli. Kwako hii ina maana ya moja kwa moja: udongo, vumbi, na hata vyombo vya kioo vinaweza kuachia metali hizi kwa kiasi kidogo kinachotosha, na mutanti wako akaonekana mzima leo na mgonjwa kesho. Tumia vyombo vya plastiki kwa midia za kupimia, na uwe na seti mbili za sahani za methanoli, moja bila lanthanidi na nyingine yenye mikromola 2 za kloridi ya lanthanamu. Bakteria uliyemtoa kwenye jani, karibu na vumbi la udongo, huenda anatumia XoxF zaidi ya unavyodhani. Huenda hilo likawa swali zuri la tasnifu yako kuliko kurudia orodha ya AM1.

Nilikuahidi glioksilati. Mzunguko wa serini unatoa asetili-koenzaimu A, na seli lazima igeuze sehemu yake kuwa glioksilati ili mzunguko usikauke. Bakteria wengi hutumia aisositrati liasi, ila AM1 hana kimeng'enya hicho. Miaka ya 1970 kundi la Christopher Anthony lilikuwa tayari na mutanti walioshindwa kula kaboni moja na kaboni mbili kwa pamoja, ambao glioksilati iliwaokoa. Ushahidi ulikuwa wazi kwamba kuna njia fulani, na baadaye jeni zake nyingi zikatajwa kwa kuwasoma mutanti. Mpangilio wa hatua haukukaa sawa hadi mwaka 2007, Erb na wenzake walipoonyesha kimeng'enya cha krotonili-koenzaimu A kaboksilasi/ridaktasi katika bakteria mwingine, Rhodobacter sphaeroides, na mwaka 2009 Peyraud na wenzake wakaifuata kaboni-13 ndani ya AM1 na kuthibitisha njia ya ethilimalonili-koenzaimu A. Mutanti walisema jeni hii inahitajika. Hawakuweza kusema inafanya mmenyuko gani wala unatangulia upi. Kwa hiyo kwenye mpango wako wa utafiti, andika wazi sehemu ambayo mutanti watajibu na sehemu itakayohitaji kupima kimeng'enya au kufuata kaboni yenye alama. Wasimamizi wako watalitafuta hilo.

Kwa wiki hii fanya mambo mawili. Mpitishe mzazi kwenye sahani sita, ukiandika siku ya kuota na ukubwa wa koloni kwa kila moja. Na muombe msimamizi wako aagize AM1 kutoka benki ya bakteria. Anapatikana kwa namba DSM 1338 au ATCC 14718. Umweke pembeni ya bakteria wako wa mwembe katika kila jaribio. Pale wawili hao watakapotofautiana kwenye sahani ya methilamini au ile ya lanthanamu, niandikie tena ukinitajia tofauti yenyewe, maana mutanti wa kuanza nao watategemea hiyo.